Ukimpenda mgeni bwenini, muulize tiketi yake ya kurudi

Nipo hapa Kwamndolwa, na wiki hii nina jambo.

Sisi tunaoishi karibu na barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha huwa tunajua vyuo vimefunguliwa kabla redio haijatangaza. Mabasi yanabadilika sura. Kwenye buti kunajaa magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba ya katani, ndoo mpya zenye mifuniko, mabegi ambayo zipu zimegoma, na hita ya maji iliyofichwa katikati ya taulo kwa sababu bwenini ni marufuku. Wenye mabegi wakishuka kujinyoosha wananukia marashi utadhani wanakwenda harusini. Wa mwaka wa kwanza unamjua tu, anacheka peke yake. Wa mwaka wa tatu amelala tangu Segera, mdomo wazi, bumu lake ameshalipangia madeni kabla halijaingia benki.

Sasa katika msimu huu wa magodoro, mama mmoja jirani yangu alinijia jioni na binti yake. Binti amepata nafasi kwenye chuo ambacho sitakitaja, chuo cha wanafunzi wa mataifa mengi, wanaosoma pamoja na kulala pamoja, chumba kimoja vitanda vitatu. Ameshaambiwa wenzake chumbani ni Mganda mmoja na dada mmoja wa kutoka Ulaya. Mama ana hofu, na hofu ya mama zetu mnaijua, inaanzia tumboni. "Mwenzangu wewe umetembea," akaniambia, "hebu nieleze, huko wanakula nini? Na huyo Mzungu ataoga saa ngapi?" Nikacheka, nikamjibu nilivyoweza. Lakini mama alipokwenda nyuma kumwangalia mbuzi wangu, binti akanisogelea akaninong'oneza swali lake mwenyewe: "Anti, hivi ni kweli ukipata mchumba kule akimaliza anakuchukua?"

Nilikuwa na jibu la haraka mdomoni, nikalimeza. Jibu la haraka ni la kijiweni. Leo nataka nilijibu swali hilo hapa hadharani, kwa sababu najua wapo mabinti na makaka wengi Dar na Arusha wanaojiuliza hivyo hivyo na hawana wa kumnong'oneza.

Kwanza tuondoe ushamba mmoja. Watu wakisikia "bweni la mataifa" wanadhani ni jambo la kileo, limekuja na intaneti. Kwetu huku Korogwe hilo ni jambo la mababu. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ukaletwa na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, na tangu hapo mashamba ya Tanga yote yakawa yanatafuta watu wa kukata. Wakaja manamba, yaani watu waliopewa namba badala ya majina: Waha, Wabena, Wakinga, Wanyamwezi, Warundi, Wamakonde na Wamawia wa kutoka Msumbiji. Wakalala kambi moja, wakachota maji kisima kimoja, wakasikiliza korona moja ikinguruma alfajiri (mashine ya kusindika mkonge, jamani, sio ile korona ya 2020). Jumapili kila kabila na ngoma yake. Leo hii ukitembea Korogwe ukauliza majina ya babu za watu utasikia majina ya Songea, ya Kigoma na ya ng'ambo ya Ruvuma. Hao ni wageni waliobaki. Wakaoa hapa, wakazikwa hapa, na wajukuu zao wanapiga Kizigua kuliko mimi.

Lakini bweni la chuo sio kambi ya mkonge. Manamba alikuja na mkataba, mkataba ukaisha, nauli ya kurudi mara nyingi akainywa au akaioa. Mwanafunzi anakuja na tarehe ya kumaliza imeandikwa kwenye karatasi, na tiketi yake imelipwa na mtu mwingine. Hapo ndipo penye kasheshe.

Kama mnataka kulielewa hilo vizuri, twendeni Morogoro. Kutoka hapa unashuka Segera, unapita Mkata, unakunja kulia pale Chalinze, haooo mpaka mji kasoro bahari. Nje kidogo ya mji kuna mahali panaitwa Mazimbu. Napo palikuwa shamba la mkonge, likafa, nyumba za wakubwa wa shamba zikabaki na popo. Basi mwaka 1976, Juni 16, watoto wa shule wa Soweto kule Afrika Kusini waliandamana wakapigwa risasi, na vijana kwa maelfu wakatoroka nchi yao, wengi hata ndevu hawajaota. Chama cha ANC kikajikuta kina jeshi la watoto wasio na shule. Serikali yetu ikasema, leteni. Mwaka 1977 kikapewa Mazimbu, na aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, Mama Anna Abdallah, ndiye anayekumbukwa kwa kulishughulikia jambo hilo. Masomo yakaanza 1978. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Aprili 1979, kijana mpiganaji wa ANC aitwaye Solomon Mahlangu akanyongwa Pretoria akiwa na miaka 22, na chuo kikapewa jina lake: Solomon Mahlangu Freedom College. Watu wakafupisha SOMAFCO.

Wale wa kwanza walikuta magofu. Wakaanza kuyakarabati majengo ya zamani ya shamba huku wakisoma, kalamu mkono huu, koleo mkono ule. Kazi za mikono zilikuwa sehemu ya masomo, utake usitake. Baadaye pakawa mji kamili: chekechea, shule ya msingi, sekondari, mabweni, shamba lenye ng'ombe na nguruwe, karakana ya samani, ya kushona nguo, na hospitali iliyojengwa kwa msaada wa watu wa Uholanzi. Walimu, madaktari na mafundi wa kujitolea walitoka Uholanzi, Denmark, Sweden, Norway, Finland, Uingereza na Ujerumani Mashariki ya wakati ule. Mitihani ya kidato cha nne ilikuwa ya London. Na Watanzania walikuwepo kibao, wajenzi, wapishi, madereva, wauguzi, wakulima, kila siku wanaingia na kutoka getini.

Hebu jiwekeni pale, nyie mnaolalamika chumba chenu kina watu wanne. Wewe ni kijana wa Soweto, umekulia mjini, treni, jazi, suruali ya kupigwa pasi. Umevuka mpaka usiku, umefika Afrika Mashariki, umeshushwa katikati ya shamba la mkonge, mbu wanakusubiri kama ndugu. Unapewa ugali. Unasema huu si ndio pap wa nyumbani? Mpishi anasema hapana, huu ni ugali. Mnabishana kwa lugha ambayo hakuna anayeijua. Asubuhi unafundishwa fizikia na Mholanzi kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Amsterdam, mchana unachimba mtaro na fundi wa Kiluguru anayekuita "komredi" na ambaye Kiingereza chake ni "yes" na "mix". Jioni mkutano. ANC walikuwa hawachezi na mikutano. Halafu kwaya, nyimbo za ukombozi za sauti nne, mpaka watu wa vijiji vya jirani wanasimama barabarani kusikiliza.

Nilishasema mara nyingi humu kwamba watu hawajuani kwa hotuba, wanajuana kwa foleni ya bafu. Bweni lolote la mataifa, liwe la makomredi au la watoto wa mabalozi, lina vita vyake vitatu vya kwanza na havihusu siasa. Vinahusu maji, muziki na harufu ya chakula. Mtu anayekaanga dagaa kwenye korido ya watu wa nchi isiyokuwa na bahari wala ziwa atachukiwa na taifa zima. Mtu anayepiga muziki wake saa tisa usiku kwa sababu kwao ni saa za jioni, huyo naye ana lake. Na hapo ndipo urafiki unapozaliwa, mkishagombana kwa adabu mkapatana. Mlimani mnajua nasema nini. Mtu mliyebebana naye kitanda kimoja semista mbili, mwenye chumba na asiye na chumba, huwezi kumsahau hata awe Waziri.

Na wengine wanakuwa, tena zaidi ya Uwaziri. Yoweri Museveni alikuja kusoma pale Mlimani mwaka 1967 akamaliza 1970. John Garang wa Sudan naye alipita pale miaka hiyo hiyo. Walikuwa na kikundi chao cha wanafunzi wa mapinduzi kikiitwa USARF, Museveni mwenyekiti, na mwalimu Walter Rodney wa Guyana akiwa karibu nao. Wakabishana usiku kucha, wakatoa jarida lao, Cheche, mpaka serikali ikawachoka, ikapiga marufuku kikundi na jarida mwaka 1970. Ona sasa, Mganda, Msudani, Mguyana na Watanzania kibao, wote kwenye kilima kimoja. Waliondoka na nini? Mmoja akaondoka na vitabu akapata nchi. Wenyeji wengi wakabaki na kumbukumbu ya kwamba "huyu nilikuwa nakula naye kafteria". Sio kumbukumbu mbaya, ila ukiangalia vizuri, mwenyeji ndiye aliyebaki pale pale siku zote.

Turudi Mazimbu, kwenye swali la binti.

Vijana wamejaa, wa kike kwa wa kiume, mbali na wazazi, hawajui kesho kama watarudi nyumbani au watakwenda vitani. Mnategemea nini? Mapenzi yalikuwepo, tena ya moto. Yalikuwepo kati yao wenyewe, na wasichana waliopata mimba walipelekwa kwenye kituo cha mama na mtoto kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, kwa hiyo waliokuwa huko wakaitwa "wakina Charlotte". Na yalikuwepo kati yao na Watanzania. Kumbukeni hiyo ni Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 80. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, khanga unaipata kwa kujuana. Mazimbu misaada ya nguo na vitu ilikuwa inaingia kutoka nchi rafiki. Kijana aliyekimbia kwao na shati moja, hana baba wala mama hapa, akionekana mjini Morogoro na jinzi safi na viatu vya nje, alionekana mwana wa mfalme. Yeye mwenyewe anajiona mkimbizi, binti wa Kiluguru anamuona mchumba wa ng'ambo. Kila mmoja anamtazama mwenzake kwa darubini iliyogeuzwa.

Wakapendana, na mimi sitawatukana. Wengine walipendana kwelikweli. Wapo waliotaka kufunga ndoa, na hapo ilibidi chama kikubali kwanza, maana mpiganaji hakuwa mali yake peke yake. Wapo waliokubaliwa wakaoana kwa shangwe. Wapo ambao hawakuomba kabisa, kwa sababu wanazojua wenyewe.

Halafu ikaja siku ambayo wote walikuwa wakiiimba. Februari 2, 1990 ANC ikafunguliwa kule kwao. Februari 11 Mandela akatoka jela. Mazimbu walipigaje kelele siku hiyo, we fikiria tu, watu walioimba wimbo mmoja miaka kumi na mbili halafu wimbo ukajibu. Ndani ya miaka miwili watu wakafunga mabegi. Tarehe 9 Julai 1992 Mazimbu ikakabidhiwa rasmi kwa serikali ya Tanzania, majengo yote na mashine na mashamba, ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Ni moja ya zawadi kubwa ambazo mgeni aliwahi kumwachia mwenyeji hapa nchini. Mpaka leo wanafunzi wanasoma pale, Kampasi ya Solomon Mahlangu, wanatumia vyumba vile vile.

Sasa upande wa pili wa hilo begi. Wapo wanawake wa Kitanzania walioondoka na waume zao wakaanza maisha Johannesburg. Wengine wakadumu, wengine wakarudi. Na wapo waliobaki Morogoro na watoto. Hawa wameandikwa na watafiti na waandishi wa habari, sio umbeya wangu. Watoto wenye majina ya Kizulu na Kixhosa wanaozungumza Kiswahili cha Morogoro, na ambao baba ni jina tu, tena mara nyingine jina lenyewe sio la kweli, maana wapigania uhuru wengi walitumia majina ya bandia kwa usalama. Hebu fikiri. Unataka kumtafuta baba wa mtoto wako Afrika Kusini na jina ulilonalo lilikuwa la vita! Kongwa kule Dodoma, ambako kulikuwa na kambi ya wapigania uhuru tangu 1964, hadithi ni hiyo hiyo na mama zake ni Wagogo.

Mtasema walitelekezwa kwa ukatili. Wapo waliotelekezwa, ndiyo, na mwanaume anayejua ana mtoto akakaa kimya sina neno zuri la kumpa. Lakini wengi ninavyolielewa mimi, kosa halikuwa siku ya kuondoka. Siku ya kuondoka kila kitu kilikuwa kimeshaamuliwa zamani, siku ile mwaka 1983 au 1986 ambapo wawili walikaa chini ya mwembe wakaongea kila kitu isipokuwa kimoja: uhuru ukija, sisi tunakuwaje? Yeye aliogopa kuuliza asionekane anamtakia mwenzake ubaya. Mwenzake aliogopa kujibu kwa sababu hakujua. Wakala maisha, uhuru ukaja, ukamkuta mmoja ana kwao na mwingine yuko kwao tayari.

Ndio maana nikalimeza jibu la haraka. Jibu la kijiweni ni "hawachukui, wanachezea tu". Uongo. Wengine wanachukua, na wengine wanabaki hapa hapa kama manamba wetu wa Korogwe, wanajifunza kula makande na kukaa msibani. Jibu langu kwa binti lilikuwa hili: usiulize kama atakuchukua, muulize anakwenda lini na anakwenda wapi. Tena muulize mapema, wiki za mwanzo, kabla moyo haujaanza kupika. Mtu mwenye nia haogopi swali la tarehe. Akijibu "tutaona", basi na wewe uone, lakini uone ukiwa na akili zako. Na lazima ujue jina lake la kwenye pasi ya kusafiria, sio la Instagramu. Binti akacheka, lakini nilimuona analiandika kichwani. Na nikamwambia kitu kingine ambacho mama yake angenipigia makofi: mtoto hana tarehe ya kumaliza kozi.

Kuna mshikaji wangu mmoja wa hapa Manundu, yeye huwa anasoma makala yangu kabla sijaituma na kuikosoa bure. Akasema, "Sista, unawatisha watoto. Dunia sasa simu iko mkononi, hakuna anayepotea." Nikamwambia simu inamtafuta anayetaka kupatikana. Wakina mama wa Morogoro walikosa namba. Wewe utakuwa na namba, na alama mbili za bluu, na hujibiwi. Sijui lipi linauma zaidi. Akanyamaza, akaomba chai.

Lakini sitaki mdhani bweni la mataifa ni mtego wa mapenzi tu, wajameni. Kuna jambo dogo linaniudhi zaidi na halisemwi. Mwenyeji katika bweni la wageni anageuzwa mhudumu bila kujijua. Wiki ya kwanza unafurahi, unawapeleka sokoni, unawafundisha "mambo" na "poa", unawatetea kwa muuza nyanya. Mwezi wa tatu umekuwa mkalimani wa bure, mtu wa kutafutiwa bodaboda, mwongoza watalii asiye na kadi, na mitihani yako inakungoja. Na kwa kuwa sisi tumefundishwa mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, tunasahau kutoa jembe. Mpe! Chumbani kuna zamu ya kufagia, naye afagie. Maji yakikatika, naye abebe ndoo. Mazimbu walibeba matofali, Waholanzi na wote, na sijasikia aliyekufa kwa hilo.

Pale Moshi, kilomita nyingi tu kutoka hapa kwa barabara hii hii yetu, kuna shule ya namna hii ambayo ilianza 1969 ikiwa shule ya watoto wa watumishi wa hospitali ya KCMC, ikakua ikawa ya kimataifa, na mwaka 2019 ikaingia kwenye familia ya vyuo vya United World Colleges, ile iliyoanzia Wales mwaka 1962. Siku hizi inaitwa UWC East Africa, ina kampasi Moshi na Arusha. Vijana wa miaka 16 hadi 19 wanatoka pembe zote za dunia, wengine kwa ufadhili, wanalala mabweni, wanapanda milima pamoja, kozi yao ya mwisho ni ya miaka miwili. Miaka miwili! Ni muda wa kumjua mtu mpaka unajua anakoroma kwa sauti gani, halafu mitihani ya Mei inaisha na ndani ya wiki moja korido ni tupu, kila mtu yuko bara lake. Nani anabaki kuitazama korido? Yule anayepanda basi la kwenda Korogwe au Same.

Ndio maana ningependa Watanzania waende huko wengi zaidi, sio wachache. Ukiwa mmoja kati ya wageni hamsini unageuka mapambo ya utalii. Mkiwa kumi mnakuwa nyumba, na mgeni anajua amefika kwa watu. Wazazi wenye watoto wenye akili msiogope hizo fomu. Ada ni kubwa ndiyo, lakini ufadhili upo, na wanaoupata sio lazima wawe watoto wa Masaki. Mtoto wa Kwamndolwa anajua kuishi na watu wa aina nyingi kuliko mtoto wa ghorofani, amezaliwa katikati ya Wazigua, Wasambaa, Wabondei na wajukuu wa manamba, na anajua kusalimia wote.

Nilipita Mazimbu siku moja na rafiki yangu anayesoma pale. Alinionyesha makaburi. Yapo makaburi ya wale ambao hawakurudi kwao, waliokufa kwa maradhi na ajali na uchovu wa kusubiri, mbali na Soweto, kabla ya 1992. Wanafunzi wa sasa wanapita pembeni na madaftari kwapani wakiwahi kipindi. Hao ndio wageni wa SOMAFCO waliobaki moja kwa moja, na wenyeji wao ni hao hao wa Morogoro.

Haya, nafasi imekwisha, mhariri ananiangalia vibaya. Wiki ijayo nitajibu barua ya yule kaka wa Mabibo aliyebebwa na rafiki yake chumbani muhula mzima, halafu mwenye kitanda akaanza kumdai kodi. Nyie wenye visa vya kubebana leteni mapema, ila majina msiandike.